Mafahali Wawili, Santuri Moja

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yaliyosemwa redioni yamepigwa chapa hapa chini ili mwanafunzi apate kuyasoma tena polepole, peke yake au pamoja na wenzake.

MWALIMU: Kila mtu na ashike daftari lake na kalamu yake. Anayesoma kwa wepesi na akae karibu na anayesoma kwa taabu, wapate kusaidiana.

Leo tutasoma habari za muziki. Lakini kwanza ikumbukeni methali hii: Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wazee walisema hivyo kwa sababu waliyaona mambo hayo kwa macho yao. Mabwana wawili katika nyumba moja, au manahodha wawili katika chombo kimoja, mwisho wake mara nyingi ni ugomvi.

Somo la leo litaipima methali hiyo. Tutasoma habari za wanamuziki wawili wakubwa. Kila mmoja alikuwa na bendi yake, na kila mmoja alikuwa amezoea kuongoza na kutiiwa. Wa kwanza ni Roy Ayers, mtu wa Marekani. Wa pili ni Fela Anikulapo Kuti, mtu wa Nigeria. Mwaka 1979 walisafiri pamoja katika Nigeria wakiwapigia watu muziki, kisha wakarekodi santuri moja. Santuri hiyo ilitolewa mwaka 1980. Jina lake ni Music of Many Colours, maana yake Muziki wa Rangi Nyingi.

Je, mafahali hao walipigana pembe? Hayo ndiyo tutakayoyatazama.

SEHEMU YA KWANZA: MANENO MATATU

Kabla ya kuendelea, tuyajue vizuri maneno matatu: santuri, jazi na fanki.

Santuri ni sahani nyeusi iliyochorwa mfereji mwembamba sana unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Sindano ya gramafoni hupita katika mfereji huo, nayo sauti hutoka. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Ina pande mbili, na kila upande huchukua muziki wa dakika 20 hivi. Likumbukeni jambo hili la pande mbili, maana tutalihitaji mbele.

Jazi ni muziki uliozaliwa na watu weusi wa Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, karibu na mwanzo wa karne ya 20. Tabia yake kubwa ni hii: wapigaji huanza na wimbo wanaoujua wote, kisha mmoja wao hupewa nafasi ya kuubuni upya papo hapo kwa chombo chake, na wenzake humshikia mwendo. Akimaliza, hupewa mwingine.

MWANAFUNZI: Samahani, Mwalimu. Huku kwetu jazi si ni jina la bendi tu? Tulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz. Lakini wale walipiga dansi.

MWALIMU: Umesema kweli, ndugu. Katika Afrika ya Mashariki watu walilichukua neno jazi wakaliita bendi yoyote yenye magita na tarumbeta. Dar es Salaam Jazz ilianza katika miaka ya 1930. Neno lilisafiri likabadili maana. Katika somo hili tutalitumia kwa maana ya Marekani.

Neno la tatu ni fanki. Fanki nayo ilitoka kwa watu weusi wa Marekani, katika miaka ya 1960, na aliyeisimamisha zaidi ni mwimbaji James Brown. Ili kuifahamu, gongeni meza pamoja nami. Hesabuni moja, mbili, tatu, nne, kisha rudieni. Sasa gongeni kwa nguvu kwenye moja, na hizo nyingine gongeni kidogo tu. MOJA, mbili, tatu, nne. MOJA, mbili, tatu, nne. Hiyo "moja" ndiyo nguzo ya fanki. Gita la besi na ngoma huishika nguzo hiyo, na vyombo vingine huingia katika nafasi zinazobaki.

Basi mtu akichukua ule uhuru wa jazi wa kubuni papo hapo, akauweka juu ya nguzo ya fanki, hupata muziki uitwao jazi ya fanki. Mwili hucheza na sikio nalo hupata kazi. Muziki huo ulipendwa sana katika miaka ya 1970, na Roy Ayers alikuwa mmoja wa mabingwa wake.

SEHEMU YA PILI: MGENI

Roy Ayers alizaliwa tarehe 10 Septemba 1940 katika mji wa Los Angeles, Marekani. Mama yake alikuwa mwalimu wa piano, na baba yake alipiga tromboni. Alipokuwa mtoto wa miaka mitano alipelekwa kumtazama Lionel Hampton, bingwa wa vibrafoni wa siku zile. Hampton alimpa mtoto yule vigongo vya kupigia. Ayers alipokua, chombo chake kikawa hicho hicho.

MWANAFUNZI: Mwalimu, vibrafoni ni kitu gani? Sijapata kukiona.

MWALIMU: Unaijua marimba, ile ya vipande vya mbao vilivyopangwa kwa safu, kipande kirefu kina sauti nene na kifupi kina sauti nyembamba?

MWANAFUNZI: Naijua.

MWALIMU: Basi vibrafoni ni mjukuu wa marimba hiyo. Badala ya mbao ina vipande vya madini mepesi. Chini ya kila kipande umening'inizwa mwanzi wa madini, nao huikuza sauti. Katika mdomo wa kila mwanzi kuna kisahani kidogo kinachozungushwa na mota ya umeme. Kisahani kikizunguka hufunga na kufungua mdomo wa mwanzi upesi upesi, na sauti hutetemeka kama mwanga wa jua juu ya maji. Chini kuna kikanyagio cha mguu. Ukikikanyaga, sauti hudumu. Ukikiachilia, sauti hukatika.

Chombo hiki kilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1920. Lakini angalieni asili yake. Marimba ya mbao ni chombo cha Afrika, na neno lenyewe marimba ni la lugha za Kibantu. Watu waliochukuliwa utumwani walikwenda nalo ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Katika nchi za Amerika ya Kati marimba inapigwa na kupendwa hata leo. Kwa hiyo Ayers aliposimama Nigeria mwaka 1979 na vibrafoni yake, yule mjukuu wa madini alikuwa amerudi katika bara la babu yake wa mbao.

Kabla ya safari hiyo Ayers alikuwa amekwisha kujipatia jina. Kuanzia mwaka 1966 alipiga katika bendi ya Herbie Mann, mpiga filimbi. Kisha akaunda bendi yake mwenyewe, Ubiquity, maana yake kuwapo kila mahali. Mwaka 1976 alitoa wimbo wake uliojulikana kuliko zote, Everybody Loves the Sunshine, maana yake Kila Mtu Hupenda Mwanga wa Jua. Ni wimbo mpole wa dakika chache tu. Nyimbo nyingi za Marekani zilikuwa fupi hivyo ili ziingie katika nafasi ya redio.

(Hapa ulipigwa muziki wa vibrafoni kwa dakika moja.)

SEHEMU YA TATU: MWENYEJI

Sasa tumtazame Fela. Alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1938 katika mji wa Abeokuta, Nigeria. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na mwalimu mkuu wa shule. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, alikuwa mtu wa kukumbukwa na kila darasa la watu wazima. Katika miaka ya 1940 mama huyu na wenzake walianzisha masomo ya kusoma na kuandika kwa wanawake wa sokoni. Katika masomo hayo waliyasikia matatizo ya wanawake wale, hasa ya kodi. Wakaunda umoja mkubwa, wakaandamana, na mwaka 1949 mfalme wa Abeokuta akalazimika kukiacha kiti chake kwa muda. Basi msidharau daftari mliloshika mkononi. Mambo makubwa yalianza na daftari kama hilo.

Mwaka 1958 Fela alipelekwa London akasome udaktari. Alipofika alichagua kusoma muziki. Aliporudi Nigeria alipiga jazi iliyochanganywa na dansi ya Afrika ya Magharibi. Mwaka 1969 alikwenda Marekani na bendi yake, akakaa miezi kadha katika mji wa Los Angeles. Huko alimjua mwanamke mmoja Mmarekani mweusi, Sandra Izsadore, naye akampa kusoma kitabu cha maisha ya Malcolm X. Kitabu hicho kilimgeuza. Fela alianza kujiuliza kwa nini yeye Mwafrika hakuwa anaimba mambo ya Afrika.

Mnaona ajabu ya habari hii? Mwafrika alivuka bahari akajifunza kuipenda Afrika katika mji ule ule alikozaliwa Ayers. Miaka kumi baadaye Ayers naye alivuka bahari kwa upande wa pili, akaenda kwao Fela.

Muziki aliouunda Fela aliuita afrobiti. Ndani yake kuna mwendo wa ngoma za Wayoruba, tarumbeta za dansi ya Afrika ya Magharibi, uhuru wa jazi, na fanki. Bendi yake, iliyoitwa Africa 70, ilikuwa na watu wengi: wapiga tarumbeta na saksafoni, magita, ngoma, vibuyu vyenye shanga, na wanawake wa kuitikia.

MWANAFUNZI: Watu wengi hivyo hawagongani?

MWALIMU: Hawagongani. Fikirini wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja kwa michi mitatu. Mchi wa kwanza ukishuka, wa pili uko njiani na wa tatu uko juu. Kila mmoja anajua zamu yake. Ukisikiliza kwa mbali unasikia mlio mmoja tu, nao unakuvuta. Ndivyo ilivyo afrobiti. Mpiga gita mmoja hupiga sauti chache tu, akazirudia kwa dakika nyingi pasipo kubadili. Ukimsikiliza peke yake, utasema hajui kitu. Ukimsikiliza pamoja na wenzake, utaona kwamba akiacha yeye, kinu kizima kinaharibika.

Nyimbo za Fela zilikuwa ndefu. Mara nyingi wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa santuri. Kwanza bendi hupika mwendo, kisha vyombo hubuni kwa zamu, na sauti ya mwimbaji huja baada ya dakika nyingi. Tena Fela aliimba kwa Kiingereza cha mitaani, ili watu wa nchi nyingi za Afrika ya Magharibi wamfahamu.

Na alisema mambo ya hatari. Mwaka 1976 alitoa wimbo Zombie, akawacheka askari wanaotii amri pasipo kufikiri. Nigeria ilikuwa chini ya serikali ya kijeshi. Tarehe 18 Februari 1977 askari wengi walivamia nyumba yake mjini Lagos, wakawapiga watu, wakaitia moto. Mama yake, mwanamke yule aliyewafundisha wenzake kusoma, alitupwa nje kwa dirishani. Alikuwa na umri wa miaka 76. Alikufa mwezi wa Aprili 1978.

Kwa hiyo mwaka 1979 Fela alikuwa mtu aliyechomewa nyumba na kufiwa na mama. Wenye mamlaka hawakumpenda. Mgeni aliyetaka raha tu angechagua mwenyeji mwingine. Ayers alimchagua huyu.

SEHEMU YA NNE: JINSI WALIVYOGAWANA

Sasa tuifikie santuri yenyewe. Nilisema kwamba santuri ina pande mbili. Hapo ndipo ilipo akili ya kazi hii. Santuri nzima ina nyimbo mbili tu, kila upande wimbo mmoja, na kila wimbo unapita dakika 15.

Upande mmoja ni wa Fela. Wimbo wake unaitwa Africa Centre of the World, maana yake Afrika Kitovu cha Dunia. Huu ni afrobiti, kinu cha michi mingi kama tulivyoeleza. Ayers hakuja kuukatiza. Vibrafoni yake imepewa nafasi ndani yake, na sauti ile ya kutetemeka inapita juu ya ngoma na tarumbeta kama ndege juu ya msitu. Bingwa aliyezoea kuwa mbele, hapa amekubali kuwa mgeni.

Upande wa pili ni wa Ayers. Wimbo wake unaitwa 2000 Blacks Got to Be Free. Maana yake ni kwamba ufikapo mwaka 2000 watu weusi lazima wawe huru. Hapa nguzo ya fanki inasikika waziwazi, ile MOJA tuliyoigonga mezani. Ayers anaimba mbele. Sasa ni zamu ya bendi ya Fela kumtumikia mgeni, nayo inamtumikia vizuri.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo, Mwalimu, hawakuchanganya? Kila mtu alikaa upande wake kama majirani wenye ua katikati?

MWALIMU: Swali zuri sana. La, hawakujenga ua. Tazama mambo mawili.

La kwanza ni urefu. Wimbo wa Ayers katika santuri hii si wa dakika chache kama alivyozoea. Ameunyoosha kwa kipimo cha mwenyeji wake. Mtu aliyezoea kusema neno lake upesi kabla redio haijamnyamazisha, amekubali kungoja mwendo upikike. Huko ndiko kula pamoja na mwenyeji: hukufika kwake na chungu chako.

La pili ni kuita na kuitikia. Mwimbaji husema neno, na kundi hulijibu. Sisi sote tunaijua desturi hii katika ngoma zetu, katika nyimbo za kazi, na katika kuvuta nyavu pwani. Watu weusi wa Marekani waliihifadhi makanisani na katika mashamba ya pamba, miaka mingi baada ya kupokonywa majina yao na lugha zao. Kwa hiyo Ayers alipoita, na watu wa Lagos walipoitikia, hakuna aliyehitaji kumfundisha mwenzake. Lugha zilikuwa mbalimbali, lakini desturi ilikuwa moja.

Basi mfano wa majirani wenye ua hautoshi. Mfano ulio bora ni wa watu wawili walioalikana: leo wewe umekuja kwangu, nami nakupisha mlangoni, kesho mimi nitakuja kwako, nawe utanipisha. Tofauti ni kwamba wao waliyafanya yote mawili katika nyumba moja, kwa kugeuza sahani tu.

(Hapa ulipigwa muziki wa upande wa kwanza, kisha wa upande wa pili.)

SEHEMU YA TANO: NENO LILILOSEMWA

Tusisahau kwamba santuri hii ina neno la kusema. Majina ya nyimbo mbili yanatosha kutuonyesha.

Afrika Kitovu cha Dunia. Ichukueni ramani ya darasa. Uko mstari unaoigawa dunia kati ya kaskazini na kusini. Huo ni Ikweta. Uko na mstari unaoigawa kati ya mashariki na magharibi, uitwao mstari wa Greenwich. Bara linalopitiwa na mistari hiyo yote miwili ni moja tu, nalo ni Afrika. Mistari hukutana baharini, kusini ya Ghana. Lakini maana kubwa ya maneno hayo haimo katika ramani. Maana yake ni heshima. Watu walikuwa wamefundishwa kwa vizazi vingi kwamba mambo yenye maana yako mbali, Ulaya au Marekani, na kwamba Afrika iko pembeni. Fela alikataa. Mtu akisimama kwake, pale aliposimama ndipo katikati.

Na huo wimbo wa mwaka 2000? Tuipime hesabu. Mwaka 1979 nchi nyingi za Afrika zilikuwa na uhuru, lakini si zote. Nchi iliyoitwa Rhodesia ilikuwa vitani. Namibia ilitawaliwa na Afrika ya Kusini. Na katika Afrika ya Kusini yenyewe mtu mweusi hakuwa na kura, na Nelson Mandela alikuwa kifungoni. Hapa Afrika ya Mashariki jambo hili lilijulikana vizuri, kwa kuwa Kamati ya Ukombozi ya nchi za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Kusema kwamba ufikapo mwaka 2000 wote wawe huru, kulikuwa ni kuweka ahadi ya miaka 21.

Rhodesia ikawa Zimbabwe tarehe 18 Aprili 1980, katika mwaka ule ule santuri ilipotoka. Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Afrika ya Kusini ikapiga kura ya watu wote tarehe 27 Aprili 1994. Kwa hesabu ya bendera, ahadi ilitimia kabla ya wakati.

MWANAFUNZI: Lakini, Mwalimu, bendera si chakula.

MWALIMU: Ndiyo, nawe umeligusa jambo lenyewe. Wimbo haukuzungumza juu ya bendera peke yake, wala juu ya Afrika peke yake. Ulisema watu weusi, na wengi wao wako Marekani, ambako bendera ilikuwapo zamani. Fela naye aliishi katika nchi yenye uhuru tangu mwaka 1960, na katika nchi hiyo huru nyumba yake ilichomwa moto. Kwa hiyo wawili hawa walijua kwamba uhuru una vyumba vingi, na kwamba mtu anaweza kuingia katika chumba cha kwanza akafungiwa mlango wa pili. Swali hili nawaachia mlijadili ninyi katika darasa.

SEHEMU YA SITA: TUIRUDIE METHALI

Baada ya santuri hii kila mmoja alirudi katika kazi yake. Mwaka 1981 Ayers alitoa santuri nyingine Marekani, akaiita Africa, Center of the World. Jina hilo ni lile lile la wimbo wa mwenyeji wake. Mgeni alirudi kwao, na jambo alilolichukua ni neno la mwenyeji. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa hata mgeni alipona.

Fela alikufa tarehe 2 Agosti 1997. Hakuufikia mwaka ule wa 2000 uliotajwa katika wimbo. Ayers aliufikia na kuupita. Alikufa tarehe 4 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 84.

Je, methali ni ya uwongo? Mimi nasema si ya uwongo. Mafahali wawili hawakai zizi moja ikiwa kila mmoja anataka zizi lote kwa wakati wote. Lakini binadamu ana kitu ambacho fahali hana. Anaweza kuhesabu zamu. Anaweza kusema: upande huu ni wako, nami nitakusaidia kwa nguvu zangu zote, tukigeuza, utanisaidia mimi. Kutumikia katika zamu ya mwenzako si kushuka cheo. Michi mitatu katika kinu kimoja haina mchi mkubwa.

Jambo hili lafaa kufikiriwa katika vyama vyetu vya ushirika, katika kamati za shule, na katika nyumba zetu. Mara nyingi kazi huharibika, na watu wenyewe ni hodari. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza: sasa ni zamu ya nani?

MANENO YA KUJIFUNZA

Yaandikeni maneno haya mara tatu katika daftari, kisha mtungie kila neno sentensi moja.

Santuri: sahani iliyorekodiwa muziki au maneno.
Kubuni: kutunga jambo jipya kwa akili yako mwenyewe.
Kuitikia: kujibu kwa sauti, hasa katika wimbo.
Zamu: wakati wa mtu kufanya kazi, kabla ya kumpisha mwingine.
Kitovu: mahali pa katikati.

MASWALI

1. Santuri Music of Many Colours ilitolewa mwaka gani, na wanamuziki wake wawili walikuwa nani?
2. Eleza tofauti kati ya marimba na vibrafoni.
3. Mama yake Fela aliwafundisha nini wanawake wa sokoni? Kazi hiyo ilizaa nini?
4. Kwa nini wimbo wa Ayers katika santuri hii ni mrefu kuliko nyimbo zake alizozizoea?
5. Kutoka mwaka 1979 mpaka mwaka 1994 ni miaka mingapi? Andika hesabu yako.
6. Jadilini: "Bendera si chakula." Mnakubali au mnakataa? Kila mtu aseme kwa zamu yake, na wengine wamsikilize mpaka amalize.

KAZI YA NYUMBANI

Fikiri juu ya kazi moja ambayo watu wawili hodari wa kijiji chako au mtaa wako waliifanya pamoja: kujenga nyumba, kuchimba kisima, kuendesha duka au kuongoza ngoma. Andika mistari sita. Sema nani aliongoza wakati gani, na nani alimpisha nani. Ukiweza, msomee mtu mmoja wa nyumbani kwako.

MWALIMU: Hapo ndipo mwisho wa somo letu, mabibi na mabwana. Someni tena sehemu ya nne kwa sauti, maana ndiyo yenye maneno magumu. Kwaherini.